Jozi ya Kumi na Moja

Mgeni alifika Jumatatu asubuhi akiwa na begi moja la nguo na jingine dogo alilolipakata kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya lile dogo mlikuwa na kisanduku cha plastiki, na ndani ya kisanduku vipande vitatu vya kijivu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi.

"Dada, hatimaye nakuona kwa macho yangu," alimwambia Mama Nukta mlangoni mwa maabara, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Makala yako nimeisoma mpaka karatasi zimechakaa. Mwanangu anadhani ni kitabu cha sala."

Watu wote walicheka. Mama Nukta naye alicheka, kisha akauchomoa mkono wake.

Huyu Mama Nukta hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, kwa kuwa miaka saba mizima hakuwa na habari nyingine mdomoni ila nukta. Nukta zake ni punje za nusukipitishi, kitu cha aina ile ile inayotengenezewa chipu za simu, ila ni ndogo kiasi kwamba elfu tatu hupangana kwenye unene wa unywele mmoja. Ukiipiga nukta kwa mwanga wa leza, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni na tundu lake huvutana, hukaa pamoja kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na wawili hao kwa pamoja ndio wenye kazi huwaita eksitoni. Kisha elektroni hurudi tunduni, na nukta hutoa chembe ya mwanga. Mwanga huo ndio aliokuwa akiupima.

Sasa chukua nukta mbili, uweke moja juu ya nyingine, na katikati ukuta mwembamba. Ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, eksitoni haikai huku wala kule. Inakuwa ya nukta zote mbili kwa wakati mmoja, na huwezi tena kuieleza hali ya moja bila kuitaja ya pili. Huo ndio mfungamano, na watu wazima na akili zao wanautafuta usiku na mchana kwa sababu huenda kompyuta za kesho zikajengwa juu yake. Dalili yake ya kwanza ni mchoro. Unaongeza volti kidogo kidogo na kuuchora mwanga wa kila nukta kama mstari. Kama kila nukta haina habari ya mwenzake, mistari miwili huvukana kama herufi X. Kama zimefungamana, mistari hukaribiana, hukaribiana, halafu hukwepana, kama mawifi waliogombana wanaokutana kwenye korido nyembamba.

Miaka mitatu kabla ya mgeni kufika, Mama Nukta alikuwa na kipande chenye jozi kumi na tisa za nukta. Kumi na nane zilivukana. Jozi ya kumi na moja ilikwepana. Siku ile alipiga kelele mpaka Profesa, mkuu wa maabara, akatoka ofisini na kalamu mkononi. Makala iliandikwa, ikapelekwa kwenye jarida kubwa, ikakubaliwa. Ilibaki wiki mbili tu itoke.

Ndipo Fundi Baridi alipomfuata. Alikuwa mzee wa makamo, mtunzaji wa jokofu la heliamu, lile linaloshusha baridi mpaka nyuzi mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri. Ndiyo sababu ya jina lake, na pia kwa sababu alivaa sweta hata jua likiwaka.

"Daktari, ugonjwa wa mashine yako nimeupata," alimwambia kwa furaha. "Waya wa kumi na moja. Umelegea. Volti ikifika mahali fulani, unaachia kidogo halafu unashika tena. Nimeulehemu, sasa uko kama mpya."

Kila jozi ilikuwa na waya wake. Mama Nukta aliijaribu upya jozi ya kumi na moja adhuhuri hiyo hiyo, peke yake, mlango umefungwa. Mistari ilivukana. Aliielewa hapo hapo. Pale ilipotaka kukutana, waya uliachia, volti ikaruka, na makutano hayakupimwa kabisa. Chukua herufi X, ikate katikati, uitupe ile sehemu ya kati: kinachobaki ni pembe mbili zinazotazamana bila kugusana. Na hicho ndicho alichokuwa amekiita ugunduzi.

Alikaa kwenye kiti mpaka jasho likamkauka. Kisha akamfuata Fundi. "Ule waya," alisema, "si lazima uandikwe kwenye daftari la matengenezo. Ni jambo dogo."

Fundi alimtazama. "Sawa, daktari. Wewe ndiye unayejua."

Makala ikatoka. Magazeti yakaandika. Mama Nukta akapewa kazi ya uhadhiri. Na mama yake mzazi, mshonaji mstaafu ambaye hadi leo cherehani yake ina chumba chake nyumbani, aliwaita majirani wa pande zote nne akawasomea gazeti kwa sauti, akiruka maneno asiyoyajua na kuweka mengine yake mwenyewe.

Hayo ndiyo Mama Nukta aliyokuwa ameyabeba siku mgeni alipomshika mkono.

Mgeni alikuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha mbali. Miaka miwili alikuwa akiotesha maabarani nukta zake mwenyewe, kwa kufuata makala ile hatua kwa hatua: ukuta wa unene ule ule, baridi ile ile, leza ya rangi ile ile. Jozi thelathini na mbili. Zote zilivukana. Msimamizi wake alimwambia mikono yake ni mizito. Mwishowe Profesa akamwandikia aje akae miezi mitatu, aone kwa macho yake.

"Atakaa hosteli?" mama aliuliza aliposikia. "Mtu aliyeacha mtoto wa miaka minne kwa ajili ya kazi yako wewe, alale hosteli? Hapana. Chumba cha cherehani kipo."

Basi wakawa wanaishi nyumba moja. Asubuhi wanatoka pamoja, jioni wanarudi pamoja, na mama anawasubiri na chakula na maswali. Kwa siku tatu tu mgeni alikuwa amekwisha jua mahali pa chumvi, na siku ya nne alimwita mwenye nyumba "mama" pasipo kuambiwa.

Kazini aliijua kazi yake barabara, na hilo ndilo lililomuumiza mwenyeji wake zaidi. Laiti angekuwa mzembe! Lakini aliandika kila kitu: saa, joto, nguvu ya leza, hata nani alifungua mlango. Alipima, mistari ikavukana. Akapima tena, ikavukana tena. Kisha anageuza kiti.

"Dada, nakosea wapi?"

"Labda ukuta," Mama Nukta alijibu wiki ya kwanza. "Pengine wako umezidi kidogo."

Wiki ya pili alisema, "Jaribu kushusha joto zaidi."

Mgeni alishukuru kila mara. Alishusha joto, akangoja saa tano lishuke, akapima, mistari ikavukana. "Asante, dada, angalau sasa najua si joto," alisema. Wema ule ulikuwa kama kupakwa pilipili kwenye kidonda.

Katika kikao cha Alhamisi Profesa aliuangalia mchoro wa mgeni kwenye skrini, akatikisa kichwa. "Jiko ni moja, unga ni mmoja, moto ni mmoja," alisema mbele ya watu tisa. "Kinachomtofautisha mpishi na mpishi ni mikono. Mtazame mwenzio anavyofanya."

Mgeni aliinamisha kichwa akaandika kitu. Mama Nukta, aliyekaa kando yake, aliona alichoandika: *mikono*. Mdomo ulimfunguka aseme neno, na neno lilikuwepo, lilikuwa limesimama mlangoni. Akakohoa, akaomba maji.

Lakini baya kuliko yote lilikuja wiki ya tano. Mgeni alimjia akiwa na wazo, uso umechangamka.

"Dada, mbona tunahangaika? Kipande chako cha zamani kipo? Tukiweke, tuipime jozi ya kumi na moja yenyewe. Nikiona inakwepana kwa macho yangu, nitajua mashine haina tatizo, tatizo ni nukta zangu."

"Kilivunjika," Mama Nukta alisema. Lilitoka jepesi kama pumzi. "Mwaka juzi. Tulikuwa tunakitoa kwenye jokofu."

"Ah! Pole sana, dada."

Kipande kilikuwa ndani ya droo ya meza aliyokuwa ameegemea, kimefungwa kwenye karatasi ya bati. Hadi hapo alikuwa amenyamaza tu, na mtu akinyamaza hujidanganya kuwa hajasema kitu. Sasa alikuwa amesema. Amemdanganya mtu anayekula naye sahani moja, na mtu huyo akampa pole.

Tangu siku hiyo usingizi ulikuwa wa kuombwa. Mama yake alimwona anavyokonda. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia huku akipima kiuno cha gauni lake kwa futi ya nguo. "Hili nimelipunguza mara mbili. Ukiendelea hivi nitakushonea soksi uvae kama gauni."

Jumamosi moja mchana mgeni alipiga simu nyumbani kwao, akaweka sauti kubwa ili mama mwenye nyumba naye amsikie mtoto. Bibi wa mtoto alipokea, akamwita mjukuu aje aseme na mama yake.

"Mama yuko hapa," sauti ndogo ilisema. "Anapika."

"Huyo ni bibi," mgeni alisema akicheka. "Mimi ndiye mama. Nisalimie."

Mtoto alitii. "Shikamoo, shangazi."

Mama alipiga makofi, akasema watoto bwana, wana vituko. Mgeni naye alicheka mpaka mwisho wa simu. Kisha akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimekwisha oshwa. Mama Nukta alimfuata akasimama mlangoni, akaona mgongo wake ukitikisika bila sauti.

"Hajui, ni mtoto," alisema.

"Anajua," mgeni alijibu bila kugeuka. "Ameniona miezi mingapi katika miaka hii miwili? Dada, nimeshaandika barua. Nikirudi naacha masomo. Kila mtu amejaliwa chake. Mimi sikujaliwa mikono. Nitafute kazi ya kufundisha karibu na nyumbani, nimlee mwanangu." Akaiweka sahani kavu juu ya sahani kavu. "Wewe usijisikie vibaya. Umenisaidia kuliko wote."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Kwa miaka mitatu Mama Nukta alikuwa ameuhesabu uzito wa kosa lake kwa kipimo cha kwake mwenyewe: aibu yake, kazi yake, jina lake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto mahali fulani anayemwita mama yake shangazi kwa sababu ya waya mmoja.

Jumatatu asubuhi aliwahi kazini, akafungua droo, akampelekea Fundi kile kipande.

"Naomba ukiweke kwenye jokofu."

Fundi alikifunua, akavaa miwani. "Hiki si ndicho mgeni aliambiwa kilivunjika?"

"Hakikuvunjika. Fundi, unakumbuka ule waya?"

"Namba kumi na moja. Nakumbuka." Alikwenda kabatini, akalitoa daftari la matengenezo, akalifungua ukurasa wa miaka mitatu nyuma. Mwandiko wake wa herufi kubwa ulikuwa pale, na tarehe, na saa: WAYA WA 11 UMELEGEA, VOLTI INARUKA. NIMELEHEMU.

"Uliandika?"

"Siku ile ile. Miaka ishirini na miwili niko hapa, hakuna mtu aliyewahi kuniomba nisiandike. Nikasema, basi hili ndilo la kuandikwa." Akalifunga daftari polepole. "Lakini sikumwambia mtu. Nilisema mimi ni fundi wa jokofu, nani atanisikiliza mbele ya madaktari? Nikasema pia una mama mzee. Nikamwona huyu binti anahangaika, bado nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani uko peke yako humo."

Jokofu lilichukua saa tano kushuka. Mgeni aliporudi kutoka maktaba alikuta skrini imewashwa na kiti chake kimewekwa tayari.

"Pima hii," Mama Nukta alimwambia.

Mgeni alipima. Volti ilipanda hatua kwa hatua, mistari ikasogeleana. Pale katikati alipunguza mwendo, akapima kwa hatua ndogo zaidi, jinsi alivyozoea. Mistari ilikutana, ikapitana, ikaendelea na safari zake. X safi kabisa.

"Inavuka," alisema kwa uchovu. "Kama zangu. Hii ni jozi gani?"

"Ya kumi na moja."

Mgeni alisoma namba kwenye skrini. Akaisoma tena. Mama Nukta akamweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alihisi hana haki ya kukaa: waya, kipimo cha pili, daftari, droo. Hakuweka "lakini" hata moja, ingawa zilimjia nyingi.

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili kabla makala haijatoka."

"Kabla." Mgeni alilirudia neno hilo kama mtu anayelionja. "Mimi nilianza miezi minne baada ya kutoka. Kwa hiyo siku naanza, siku ya kwanza kabisa, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Mama Nukta angependa apige. "Nimekula kwenu," mgeni alisema. "Mama yako nimemwita mama. Nikakwambia pole, dada. Nilikwambia *pole*." Akainuka, akachukua koti lake, akatoka. Fundi aliyekuwa kwenye pembe akajifanya anasoma kipimo cha heliamu.

Baada ya nusu saa akarudi. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. "Nataka mafaili yote. Jozi zote kumi na tisa, vipimo vyote, hata ulivyovitupa. Na ukurasa wa daftari la Fundi, niupige picha. Leo."

"Utapata."

Profesa alipoambiwa, rangi ilimpotea. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa, akasimama, akakaa. "Tutaandika sahihisho dogo," alisema hatimaye. "Aya mbili. Waya hulegea, dunia nzima waya hulegea. Hakuna aliyeiba kitu."

"Miaka miwili ya mtu imeibwa," Mama Nukta alisema. "Na ulimwambia mbele ya watu kwamba ni mikono."

"Nilisema nilichokijua!"

"Ndiyo. Ulijua nilichokwambia mimi."

Barua ya kuiondoa makala aliipeleka mwenyewe kwenye jarida siku ya pili yake, ikiwa na tarehe zote mbili: ya waya, na ya kunyamaza. Chuo kiliunda kamati. Kamati ilimvua uhadhiri. Ikambakiza kwenye maabara ya mwaka wa kwanza, kuwafundisha vijana kusoma mizani na kuchora grafu. Wengine walisema amepona kwa bahati. Yeye hakubishana nao.

Kumwambia mama kulikuwa kugumu kuliko kamati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mguu umewekwa kwenye kanyagio la cherehani bila kukanyaga.

"Nimewasomea watu gazeti," alisema.

"Najua, mama."

"Hadi yule wa ghorofa ya juu asiyesalimia." Akautoa mguu kwenye kanyagio. "Na huyu mtoto wa watu umemlaza chumba changu, unamtazama usoni kila asubuhi. Mimi nilikufundisha kufumua mshono ulioenda upande. Ukishaona umekwenda upande, unafumua. Huvai, wala humvishi mtu."

Wiki nzima alimpakulia chakula bila kumtania, na hapo ndipo mtu alipojua amekasirika kweli. Siku ya mgeni kuondoka, mama ndiye aliyemsindikiza kituo cha mabasi, amembebea begi la nguo. Mama Nukta alipochukua viatu vyake, mama alimwambia kwa upole, "Wewe baki." Akabaki. Aliwatazama kutoka dirishani wakivuka barabara, mgeni amepakata lile begi dogo, hakuna aliyegeuka nyuma.

Mgeni hakuacha masomo. Habari zilifika kupitia kwa Fundi, ambaye sasa aliandikiana naye. Jozi zake thelathini na mbili zilizovukana, zikijumlishwa na zile kumi na tisa, zilikuwa ushahidi tosha kwamba ukuta wa unene ule ni mnene mno, eksitoni haiwezi kuwa ya nukta zote mbili. Si jambo la kuandikwa magazetini, lakini ni kweli, na wengine wasingepoteza muda hapo tena. Ameanza kuotesha nukta mpya zenye ukuta mwembamba zaidi. Kwa mama alituma picha ya mtoto akiwa na begi la shule. Kwa Mama Nukta hakutuma kitu, naye hakutegemea. Kila alipofungua barua pepe aliangalia, akajiona mjinga, akafunga.

Mwaka ulipita na miezi. Asubuhi moja, vijana wa mwaka wa kwanza wakiwa wamepanga foleni nje wakisubiri mlango, ujumbe ukaingia. Haukuwa na salamu wala jina.

*Jozi ya saba, kipimo cha tatu. Faili haina joto. Lilikuwa ngapi?*

Alifungua madaftari yake ya zamani, akapekua, hakuna. Akashuka mbio kwa Fundi, wakatazama kumbukumbu za jokofu. Za wiki ile zilikuwa zimefutika. Alikumbuka kwamba vipimo vingine vya wiki ile vilikuwa vya nyuzi nne na nusu juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa. Yaelekea hicho nacho kilikuwa hivyo. Angeweza kuandika nne na nusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Tena angeonekana amesaidia.

Vijana waligonga mlango. "Mama Nukta, tuingie?"

"Subirini."

Akaandika: *Sijui. Siku ile sikuandika joto. Vya wiki ile vingine ni nne na nusu, lakini hicho usikitumie.* Akasoma mara mbili, akatuma.

Jibu lilikuja wakati vijana wamekwisha keti na kuanza kugombania mizani. Lilikuwa neno moja: *Nimekitoa.*

Alilitazama kwa muda, akashindwa kulijua ni la hasira au ni la kazi tu. Kisha akafunika kompyuta, akaenda kumwonyesha kijana wa mbele jinsi ya kungoja mshale utulie kabla ya kusoma namba.